En route pour le milliard: manusura wa Kisangani wafuata haki yao Kinshasa

Kama umechoshwa na filamu za vita ambazo shahidi anakalishwa kitini, anamulikwa taa na kuulizwa maswali mpaka alie, itafute hii ya Dieudo Hamadi ya mwaka 2020. Hamadi ni mzaliwa wa Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hapa anawafuata manusura wa Vita vya Siku Sita wanaposhuka na Mto Kongo, kilomita zipatazo 1,700, kwenda Kinshasa kudai fidia.

Lalamiko langu nilitoe mapema: vita vyenyewe vimeelezwa kidogo mno. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani kwa makombora zaidi ya 6,000, na mamia ya raia wakauawa. Usipoyajua hayo utahangaika mwanzoni. Mimi nilitazama na mama mkwe, mtu wa Kisangani, akawa ananifafanulia, na kunitafsiria kila walipoacha Kiswahili wakaingia Kilingala.

Safari ya boti ndiyo roho ya filamu. Mvua inapiga, maturubai yanapeperushwa na upepo, na watu wenye magongo na miguu ya bandia wamebanana na abiria wengine na mizigo yao. Kamera imekaa humo humo, imelowa nao. Hakuna picha za zamani za maiti. Ushahidi ni miili yao na namna wanavyohangaika kupata pa kuegemea walale.

Katikati kuna vipande vya jukwaani, manusura wenyewe wakiigiza yaliyowapata. Wapo watakaoona vinakatiza safari. Mimi naviona vya lazima, maana pale wao ndio wanaoamua kisa chao kisimuliwe vipi.

Walipozuiwa kwenye bunge, mama mkwe alisimama akaipigia televisheni kelele: “Waacheni waingie, nyie!”

Filamu inaishia kabla ya Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, milioni 225 kati ya hizo zikiwa za madhara kwa watu. Ukimaliza kuitazama, uliza hizo fedha zimewafikia nani.