Mbegu za maua ya kukata kwa sisi tulio baridini: ipi ununue kwanza

Kwa mlio Uingereza mna kibustani nyuma ya nyumba, pakiti ya mbegu ni kama pauni 2 mpaka 4 na inakupa maua ambayo supamaketi mengi hutayakuta, kwa hiyo msikimbilie alizeti kama kila mtu.

Namba moja kwangu ni Orlaya grandiflora. Ukiiona utacheka, ni vile vitambaa vyeupe vya kufuma mama zetu wanavyotandika kwenye makochi, vilevile kabisa. Unaisia Septemba palepale itakapokaa, inaota kabla baridi haijakolea, jalidi ikipiga usiku asubuhi unaikuta imelala chali unasema basi hii imekufa, ikifika saa tano iko wima. Mwezi wa tano au sita inachanua, kwenye jagi wiki nzima bado ipo.

Ya pili Ammi majus. Inapita mita moja na inajaza jagi, ingekuwa ya kwanza ila utomvu wake ukigusa ngozi halafu jua likapiga unababuka, mie nilikata mikono mitupu Julai nikabaki na alama mpaka Krismasi. Vaa glavu jamani. Na usiwahi kukata, vichwa vikiwa havijafunguka vizuri inalegea.

Hizo mbili ni jamaa za karoti na mbegu zao hazikai muda, so angalia mwaka ulioandikwa nyuma ya pakiti, achana na picha ya mbele. Ofa ya pakiti za mwaka juzi ni hasara tu.

Ya tatu Nigella damascena, ndugu wa habasoda ya nyumbani. Rahisi, mbegu tele, hata mvivu inamwotea. Inachanua wiki chache tu ikaisha, kwa hiyo sia kidogo kidogo kuanzia Machi, na miche usiihamishe maana mzizi hautaki kuguswa. Usikate yote, acha mengine yafunge, yale maganda yaliyovimba yakikauka ni pambo tosha.

Cerinthe ni ya nne, zambarau inayoingia bluu, tatizo ukikata tu inalala, lazima uchovye ncha za mabua kwenye maji yaliyotoka kuchemka sekunde 20 au 30. Wengi hawana muda huo.

Ya mwisho Moluccella, zile kengele za kijani. Kwenye jagi nakubali inazipita zote, lakini mbegu zina kiburi balaa, nilisia pakiti nzima dirishani jikoni zikatoka tatu. Zilaze friji wiki moja au mbili kwanza, usizifukie maana zinataka mwanga, na jalidi haziwezi.

Na zile mbegu za waridi la bluu mtandaoni kwa pauni moja, waridi la bluu vile halipo. Tena mbegu zikitoka nje ya nchi zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, zikija kwenye bahasha tupu usizipande.