Uzoefu wangu na seti ya maumbo ya kuzungusha (simetri ya mzunguko)

Wazazi na walimu wenzangu, naona watu wanauliza kama hizi seti za maumbo ya plastiki ya kuzungusha zinafaa, jibu langu zinafaa tena sana, ila hii niliyonunua mimi ina mapungufu yake ntayasema. Mi nafundisha tuisheni ya hesabu na kwenye maumbo hakuna mada inayosumbua wanafunzi kama simetri ya mzunguko, yani umbo kulingana na lenyewe ukilizungusha kabla halijamaliza mzunguko mzima, sababu ukichora ubaoni umbo limetulia tu pale, mtoto anatakiwa alizungushe kichwani mwake na wengi hawawezi.

Ndani kuna ubao mdogo wenye duara la nyuzi 360, kuna pini, afu kila umbo yapo mawili, moja linakaa chini halisogei na lingine la plastiki angavu unaliweka juu yake, unapitisha pini katikati unaanza kuzungusha taratibu. Likilaliana na la chini bila kuzidi popote unahesabu moja, unaendelea mpaka umalize mzunguko mzima. Mraba mara 4 kila nyuzi 90, pembetatu ya pande zote sawa mara 3 kila nyuzi 120, pembesita mara 6 kila nyuzi 60, yani mtoto anajionea mwenyewe kwamba 360 ukigawa kwa oda (idadi ya mara umbo linalingana kwenye mzunguko mmoja) unapata pembe ya kila hatua, hujamwambia kitu. Kona moja ya umbo la juu ina kitone chekundu na usidharau hicho kitone, bila hicho mwanafunzi anahesabu pale alipoanzia na anahesabu tena akirudi palepale, anakwambia mraba una oda 5.

Sasa kilichonifanya niipende ni msambamba, lile umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ziko sambamba. Wanafunzi wengi wanaamini umbo likiwa na simetri ya kukunja (ukilikunja nusu mbili zinalaliana) basi na ya kuzunguka linayo, na kama halina ya kukunja basi halina kabisa. Msambamba wa kawaida ukunje unavyotaka hauna hata mstari mmoja wa simetri, lakini uzungushe nyuzi 180 unakaa vilevile, oda 2. Herufi S, Z na N nazo hivyohivyo, zimo kwenye seti. Afu chukua pembetatu yenye pande mbili tu sawa, au herufi A, inakunjika vizuri kabisa ila ukiizungusha hailingani mpaka irudi ilikotoka, oda 1, maana yake haina simetri ya mzunguko. Ukiweka hayo maumbo pamoja mezani mjadala unaoanza hapo hauwezi kuupata kwenye daftari, wanabishana mpaka raha.

Kitu kingine wamekipatia ni tundu la pini kwenye pembetatu ya pande sawa. Wamelitoboa theluthi moja ya kimo kutoka chini, sio nusu, maana hapo ndo katikati yake halisi, ukitoboa nusu ya kimo umbo linayumba na halitalingana katikati ya safari hata siku moja. Wanaotengeneza wenyewe kwa karatasi ya kunakilia hapo ndo pa kuwa makini.

Mapungufu sasa. Duara la nyuzi lina alama kila baada ya 5, wakati wameweka na pembetano ambayo hatua yake ni nyuzi 72, sasa hiyo inaangukia kati ya 70 na 75 mtoto anabaki anakisia, hapo inabidi utoe kipimapembe chako. Pia maumbo yote ni matupu, hayana michoro ndani, na mitihani inapenda sana umbo lenye kivuli. Mraba wenye ulalo mmoja (mstari wa kona hadi kona) umechorwa ndani unashuka kutoka oda 4 hadi 2, na ukitia kivuli robo moja tu ya kona unashuka mpaka 1, hilo mtoto lazima alione kwa macho. Mi nachora kwa maka peni ya kufutika juu ya plastiki na kwenye umbo la chini pia, mchoro uleule, na inafanya kazi vizuri, ila wangeweka wenyewe ingependeza zaidi.

Plastiki ni ngumu, haijapinda. Nawapa nyota nne, ya tano siku wakichora alama za nyuzi moja moja.