Uzoefu wangu na kagemu ka 400 kwa moja: mi nasema matunda yanaushinda uyoga

Wadau habari zenu, mi niko Mtwara mjini huku Magomeni, leo naongelea kale kagemu ka mkononi ka 400 kwa moja, yaani magemu 400 ndani ya kifaa kimoja, kanakouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, kadogo kanaenea kiganjani. Umbo lake wengi mnalijua kwa hiyo sitakaa hapo, mi nataka niongelee kitu ambacho kwangu ndo roho ya haya magemu ya kuruka ruka, yaani vile vitu vya kuongeza uhai, uyoga, matunda, mayai na wenzake, maana hivyo ndo vinaamua mtoto aendelee kucheza au aweke chini aondoke zake.

Nilikachukua kwa elfu 25 mwezi wa 12, hela ya korosho ya mama ilikuwa imeingia tukaona mpwa wangu naye apate zawadi, ana miaka 9 na alikuwa ndo katoka jando. Siku ya kwanza kafungua Mario, ile ya mwaka 1985, kagonga lile boksi lenye alama ya kuuliza ukatoka uyoga ukaanza kukimbia, yeye akaruka pembeni kwa woga akidhani ni adui (na kweli unafanana na wale wadudu wa kahawia), sasa ule uyoga ukaenda ukagonga bomba la kijani ukageuka ukamrudia mwenyewe, ukamgusa, Mario akarefuka. Dogo kapiga kelele, "Mjomba, na huyu katoka jando!" Nyumba nzima tulicheka. Ila angalieni ufundi uliopo hapo, lile bomba limewekwa kwa akili, hata mtu asiyejua chochote uyoga unamfuata mpaka anajifunza kuwa ni kitu kizuri, hakuna maandishi, hakuna wa kumwelekeza.

Na uyoga wenyewe ni wa haki. Ukiwa mdogo adui akikugusa umekufa, ukiwa mkubwa akikugusa unarudi udogoni na unapewa sekunde kidogo za kumetameta ukimbie. Halafu ukiwa mkubwa unavunja matofali kwa kichwa, kwa hiyo uhai umekuja na kazi mpya. Ua la moto nalo unarusha mipira, ila kwenye hii ya kwanza ukiguswa ukiwa na moto hushuki ngazi moja, unaporomoka moja kwa moja mpaka udogoni, hiyo inauma jamani, dogo alilia kabisa siku moja. Na shimo halijali, ukidumbukia umekufa tu uwe mkubwa uwe mdogo.

Sasa nije kwenye ninayoipenda. Adventure Island, ya 1986, yule jamaa wa kofia na sketi ya majani. Watu wanaichukulia poa kwa sababu ya Mario lakini mi nasema hapa ndo kuna kitu, kwa sababu uhai wako ni njaa. Pale juu kuna vijiti, vinapungua vyenyewe muda unavyokwenda hata kama hakuna aliyekugusa, vikiisha umekufa, na dawa yake ni kula matunda unayokutana nayo njiani. Kwa hiyo huwezi kusimama ukamsubiri konokono apite, huwezi kurudi nyuma, unaenda huku tumbo linadai. Mario nayo ina saa inayohesabu lakini ile ina uvumilivu, hii haina. Ukijikwaa kwenye jiwe vijiti vinapungua kwa mkupuo. Na muelewe vizuri hapa maana mpwa wangu ilimchukua wiki kuelewa, matunda hayakukingi na adui, ukiguswa na konokono umekufa hata kama umeshiba, kinachokukinga, tena mara moja tu, ni ile skeitibodi (ubao wa magurudumu) unayoipata ukipasua yai, na ukishapanda haisimami, unapunguza mwendo tu.

Halafu kuna bilingani. Unapasua yai kwa furaha ukidhani ni shoka la kuwarushia adui kumbe linatoka bilingani linakuandama, vijiti vinaporomoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Dogo sasa hivi mama yake akipika bilingani anasogeza sahani pembeni, na alikuwa anakula vizuri tu kabla. Mi hiyo ndo naiita kazi nzuri ya gemu, kitu cha kuongeza nguvu kina ndugu yake mbaya, kwa hiyo kila yai unalipasua moyo ukidunda.

Sonic haimo humu, tunaicheza kwenye simu yangu, ile ya 1991. Kule ukiwa na ringi, zile pete za dhahabu unazookota njiani, hata moja tu ukaguswa hufi, zinamwagika zote unaanza kuziokota, na ukifikisha 100 unapata uhai wa ziada. Kwa mtoto anayeanza ningesema aanzie hapo kabla ya yote, kosa linamgharimu lakini halimtoi mchezoni. Gemu la Megaman 2 nalo lina yale matenki ya E, yaani akiba ya nguvu, unaweka mpaka manne unatumia mwenyewe unapotaka na yanajaza nguvu yote, mazuri, ila dogo anayatunza mpaka anakufa nayo hajayagusa.

Kuhusu chombo chenyewe. Magemu mengi yanajirudia kwa majina mengine, hiyo 400 msiihesabu. Betri ni ile ya vile visimu vya tochi, kwa fundi yeyote ipo, hapo nakasifu, maana umeme ukikatika jioni kenyewe kanaendelea, na kana waya wa kuunganisha kwenye tivii. Ubaya ni kitufe cha kuruka, miezi miwili tu kikaanza kukwama, unakibonyeza hakirudi, na kwenye magemu haya kuruka ndo kila kitu, uyoga uko juu, tunda liko juu, mtoto anauona anashindwa kuufikia. Nilirudisha dukani wakaniambia hakina garantii wakati siku ya kununua walisema miezi sita, niliumia sana. Fundi wa simu sokoni akafungua akakuta raba ya ndani imechanika, kabadilisha kwa elfu 3, mpaka leo kiko sawa.

Kwa hiyo ukienda kununua usilipe kwanza. Mwambie muuzaji akuwashie, fungua Mario palepale kaunta, gonga lile boksi, ruka upande wa pili, uache uyoga ukufuate mpaka ukupate. Rudia mara tatu nne. Kitufe kikisita hata mara moja omba kingine.