Taa nyekundu ya vifaranga wati 250, nimeitumia mwezi wa saba Ngaramtoni

Wafugaji wenzangu mnaouliza kuhusu hizi taa, mi niliichukua duka moja la pembejeo hapa Arusha kwa 25,000 pamoja na kofia yake ya bati, nikawatundikia vifaranga 100 wa chotara, na anayeijua Ngaramtoni mwezi wa saba anajua naongelea nini, asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi.

Taa yenyewe safi. Haina moshi wa mkaa, joto linashuka moja kwa moja kwenye maranda. Wiki ya kwanza nilikua natafuta nyuzi 33 hivi pale chini ila kipimajoto nikakisahau, vifaranga wenyewe ndo kipimo: wakibanana chini ya taa wanalia wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi unawachoma, wakitawanyika huyu anakula yule kalala kama kalewa, hapo umepatia.

Shida luku aisee. Wati 250 masaa 24 ni uniti 6 kwa siku. Siku ya nne nikajifanya mjanja, mchana jua linawaka nikaizima, nikaenda mjini nikasahau, narudi saa mbili usiku wamelaliana kona moja, wa chini 9 washakufa. Nikaanza kulalamika mbona mijusi kafiri inalala ukutani na baridi lote hili na haifi, binti yangu wa darasa la sita akanicheka, "baba si ana damu baridi yule, tumesoma."

Kumbe hata hiyo damu sio baridi kihivyo, mjusi wa saa saba mchana juu ya bati ni wa moto kabisa, ila moto wenyewe wa kuazima kwa jua. Likizama anapoa, mwili unapunguza mwendo, hali, hakimbii, anasubiri kesho. Ndo maana nyoka anakaa wiki kadhaa kwa mlo mmoja. Kuku hana hiyo breki, mwili wake unataka nyuzi kama 41 usiku na mchana (sisi 37 tu) na kuni za huo moto ni chakula, stata (chakula cha vifaranga) inaisha kama unamwaga shimoni! Ila faida anaipata, alfajiri na ukungu wake kuku yuko nje anachakura, mjusi hajatikisa hata mkia.

Sasa kifaranga ana madai ya kuku mkubwa ila mashine ya kujipasha haijawaka vizuri, kamwili kadogo kanapoteza joto haraka na yale manyoya laini hayazuii kitu. Mama angemfunika, huyu aliyeanguliwa kwa mashine mama yake ndo hiyo taa. Kwahiyo usiizime kiholela kama mimi, panda nayo juu kidogo kidogo, joto lipungue kama nyuzi 3 kila wiki hadi manyoya yaote.

Muuzaji aliniambia inatosha vifaranga 300, uongo, kwa baridi ya huku 100 ndo mwisho. Waya mfupi, na itundike kwa mnyororo maana ikidondokea maranda umeunguza banda. Kioo kikiwa cha moto kisiguswe na maji, kinapasuka. Na jiko la mkaa liwe karibu, umeme ukikatika usiku usianze kutafuta kiberiti.

Nyota nne. Waliobaki wana wiki ya sita wanapanda kwenye fito wenyewe, taa iko kwa jirani kaazima.