Hilux ya 3L baada ya miaka 11 ya kubeba viazi Njombe

Ninayoizungumzia hapa ni Toyota Hilux ya mwaka 1996, bodi LN106, kabini moja, 4WD, injini ya 3L. Niliinunua kwa mtu mwaka 2014 na tangu hapo haijapumzika: viazi kutoka Uwemba kwenda Makambako, mbolea wakati wa kurudi, mbao, na usiku mwingine mgonjwa wa jirani. Mimi ni mkulima, si fundi. Lakini mwanamke ukiwa na gari la zamani usilolijua, kila gereji utakayoingia utatoka na hesabu ya ovahoo, yaani kufungua injini nzima na kuitengeneza upya. Basi nimejifunza kulijua, na wanaoniuliza kama wanunue pikapu ya aina hii nawajibu hapa kwa kirefu.

Nunueni. Ila kubalini kwamba gari hili linataka mtu wa kulichungulia kila wiki, na kwamba magonjwa yake mengi huanzia kwenye vitu vya bei ndogo kabla hayajafika kwenye vya bei kubwa.

Injini ya 3L ni dizeli ya silinda nne, cc 2,779, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) wala kompyuta. Waya unaoamua iwake au izime ni mmoja tu, ule wa swichi ya kukata mafuta iliyo kwenye pampu ya dizeli. Washa ufunguo bila kupiga starta, mwenzako aweke sikio karibu na pampu: atasikia "tik". Kama haisikiki, usiguse kitu kingine, fuata ule waya. Nimewahi kuokoa safari nzima kwa kukwangua kutu kwenye kichwa cha waya huo kwa kisu cha kumenyea viazi.

Nguvu haina nyingi. Huku kwetu ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo huvuta hewa ileile iliyopo. Ukiwa na mzigo mlimani itatoa moshi mweusi kidogo na itapanda na gia ya pili, taratibu, hadi ifike. Moshi mweusi ukiuona mpaka tambarare, fungua chujio la hewa kabla hujamwita mtu. Kwa vumbi la barabara za mashambani, langu nalipuliza kila wiki ya mavuno. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe ndio wenye mambo mengi, na ndio ulionifundisha.

Ilikuwa Julai 2019, ile baridi ya kukaza vidole. Kila asubuhi gari linawaka vizuri, linaunguruma sekunde kama tano, linazima. Baada ya hapo ni kupiga starta mpaka betri inalia, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unajaa uwanja mzima, ndipo linashika. Likishashika, siku nzima halina tatizo. Fundi wa kwanza akasema hita za kupasha silinda kabla ya kuwasha zimekufa, tukabadilisha zote nne, hali ikawa ileile. Wa pili akasema pampu imechoka, akataka shilingi 1,200,000 kuishusha na kuifungua. Wa tatu hata hakufungua boneti: "Mama, hii ni ringi. Fanya ovahoo tu." Yaani pete za pistoni zimeisha.

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mteja wa ng'ombe wawili ili nilipe pampu. Ndipo shemeji akanipeleka kwa mzee mmoja wa pembeni ya soko, fundi wa matrekta tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jana ulilizima saa ngapi?"

Katika wote watatu, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia saa moja jioni. Akasema niliache kwake, kesho alfajiri nije, na mtu yeyote asiliwashe.

Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, alibonyeza kile kitufe kilicho juu ya chujio la dizeli, pampu ya mkono ya kusukumia mafuta. Kilikuwa laini, kinaingia chini bila ubishi. Akapampu mara kumi, ishirini, thelathini, kikaanza kuwa kigumu. "Sasa washa." Likawaka mara moja, halikuzima. Akaniangalia. "Pampu yako ni nzima. Usiku dizeli inarudi kwenye tenki kwa sababu gari linavuta upepo mahali."

Ili ahakikishe, akachomoa mpira unaoleta dizeli kutoka kwenye tenki, akaweka mpira mwingine unaoingia kwenye dumu la lita tano juu ya boneti. Tukaliacha tena usiku mzima. Alfajiri likawaka bila kupampu. Kwa hiyo kasoro ilikuwa kati ya tenki na chujio. Akarudisha njia ya kawaida, safari hii akaunga kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha, na injini ilipokuwa inaunguruma nikaona kwa macho yangu vipovu vidogo vinapita kimoja kimoja kama shanga. Akafuata njia kwa vidole mpaka chini ya sakafu ya dereva. Pale mpira unapovikwa kwenye bomba la chuma, chini ya klipu, palikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino cha mtu wa shamba. Dizeli haikuwa inavuja hata tone, kwa sababu pale mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Ni hewa ndiyo iliyokuwa inaingia. Mpira na klipu mbili vilinigharimu shilingi 8,000. Yeye akachukua 20,000 na nilimwongezea debe la viazi kwa moyo wote.

Ningekuwa na sauti kubwa ningeipeleka kila gereji: jaribio la dumu linachukua dakika kumi kuliandaa. Mtu asishushe pampu ya mtu kabla ya kulifanya.

Kuhusu mafuta yenyewe. Pampu hii inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina oili nyingine. Ndiyo maana miaka ile ya kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa ilitafuna pampu nyingi za watu; mafuta ya taa hayana ule utelezi. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walipoanza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka uliofuata, mchezo huo ulipungua. Bado mimi sinunui dizeli ya vidumu njiani, hata iwe rahisi namna gani. Na kila Jumamosi nalegeza koki ya chini ya chujio, natoa kidogo kwenye chupa safi ya maji, naiacha itulie dirishani. Maji hukaa chini, dizeli juu, mstari unauona. Masika huwa napata maji ya kujaza kifuniko cha chupa. Maji hayo yakifika kwenye nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, ni pesa.

Injini ikimisi, yaani silinda moja isipofanya kazi, legeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine kwa spana namba 17, injini ikiwa inaunguruma. Ukilegeza mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Weka kitambaa na usisogeze ngozi karibu: dizeli ya pale ina msukumo wa kutoboa mkono.

Sehemu inayonitia hofu kweli ni silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye vali. Injini za familia hii hazisamehi kuchemsha. Ikichemsha sana, hedi hupasuka kati ya vali. Ukipanda mlima Kitonga na mzigo kutoka Morogoro, jicho moja liwe kwenye geji ya joto. Mafundi wengi hutoa temostati, kile kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, wakisema "huku hatuihitaji". Yangu niliikuta imetolewa, nikairudisha, maana injini isiyofika joto lake inachoma mafuta vibaya na kulika. Nilikuta pia rejeta imezibwa kwa mbele na mbegu za nyasi na matope makavu. Niliiosha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa feni na joto likashuka palepale. Ndani natumia kulanti (maji maalumu ya rejeta), si maji ya mtoni.

Taimingi belti, mkanda unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, hata dashibodi ina taa yake. Kwa gari la mkononi usiamini namba ya kwenye geji, badilisha wiki ya kwanza uliyonunua. Ikikatika, pistoni zinapiga vali.

Mengine ni madogo. Springi za mbele ni za majani, kwa hiyo likiwa tupu linarusha mpaka mgongo unauma. Likiwa na mzigo linatulia. Mzigo wake ni tani moja, na lumbesa zitakudanganya: gunia linaloitwa la kilo 100 linakuja na kilemba juu, nawe unahesabu magunia badala ya kilo. Mimi sipakii zaidi ya lumbesa saba. Dizeli, nikiwa nimebeba, napata kilomita 9 kwa lita. Spea zinapatikana hata Makambako, za kila daraja, na kwenye nozeli na belti silipii zile za bei ya chini.

Ukienda kulinunua, mwambie mwenye gari unakuja alfajiri na asiliwashe. Weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimiana sana. Likiwa baridi, bonyeza kile kitufe cha juu ya chujio uone kama ni kigumu au laini, kisha washa. Ukikuta boneti lina joto, kunywa chai, ongea habari za mvua, halafu rudi kesho yake.