SACCOS ya walimu iliyonitoa kwenye kausha damu

Nianze na kadi, maana iliniuma kuliko deni lenyewe. Kwa miezi saba kadi yangu ya benki ilikaa kwenye droo ya mkopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba ya kunyonya, imefungwa kwa mpira pamoja na kikaratasi chenye namba yangu ya siri, mwandiko wangu mwenyewe. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anayekwenda ATM. Mimi napigiwa simu: "Madamu, njoo uchukue chako." Naondoka darasani kwenda kupokea mabaki ya mshahara wangu kama naomba.

Nilikopa laki tano Januari, mwanangu anaingia bweni kidato cha kwanza: godoro, ndoo, sare, viatu jozi mbili. Riba asilimia 30 kwa mwezi. Ukishindwa kurudisha laki sita na nusu kwa mpigo, unalipa laki na nusu ya riba na zile laki tano zinabaki palepale. Agosti nikakaa kitandani na kalamu: nimeshalipa 1,050,000, na bado nadaiwa laki tano. Katikati hapo nilikuwa nimeziba pengo na mikopo miwili ya mtandaoni, 80,000 na 60,000. Nilipochelewa siku tatu, mkuu wangu wa shule na fundi wangu wa cherehani wote walitumiwa meseji kwamba mimi ni tapeli. Fundi alicheka. Mkuu hakucheka.

Na kabla ya kupata msaada wa kweli nililiwa tena. Kuna mtu alijitangaza kwamba anafuta madeni, tuma 45,000 ya kufungulia faili. Nikatuma. Namba haijapatikana hadi leo.

Sasa SACCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo. Jina silitaji, walimu wa wilaya yetu wanaijua. Nilikuwa mwanachama miezi 28, nakatwa 15,000, nikidhani ni ya wazee wanaojiandaa kustaafu. Ofisi ni chumba kimoja, leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika iko ukutani kwenye fremu. Pale dirishani kuna mama wa mikopo, ana kaunta buku na kikokotoo ambacho kitufe cha tano mpaka ukibonyeze kwa kucha. Nilimwamkia, nikamwambia nataka milioni. Hakuuliza dhamana. Alifungua ukurasa mpya akasema, "Mwalimu, taja yote. Hata ya dukani."

Nikataja. Laki tano. Zile za simu. 18,000 za Mangi, sukari na unga. Akajumlisha: 658,000. "Milioni ya nini?" Nikanyamaza, maana nyingine nilitaka nimlipe wifi yangu 120,000 zake na nibaki na kitu mkononi. Wifi, akasema, kaongee naye, huyo hana riba.

Hapo ndipo nilipomwamini, na naomba mnielewe: nimekopeshwa na watu wengi, huyu ndiye wa kwanza kukataa kunipa pesa nyingi. Alichukua slipu yangu akapiga mstari kwenye theluthi moja ya mshahara wa msingi, ile ambayo kwa kanuni za utumishi wa umma lazima ibakie kwa mtumishi baada ya makato, akaniambia chini ya hapa sishuki hata ukilia. Akaniambia pia wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wenye leseni wanaokopesha bila kupokea amana, hawaruhusiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Akanipigia hesabu ya laki tano zangu: 17,500. Mimi nilikuwa nalipa 150,000. Kwenye droo alikuwa na fotokopi ya ile orodha ya Benki Kuu ya Tanzania ya Novemba 2024, programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Moja ya zangu ilikuwemo.

Kuhusu kadi, jibu lake lilikuwa fupi: nenda benki leo, ifungwe, upewe mpya. Deni utalilipa, kadi si ya kuweka rehani. Miezi saba, na dawa ilikuwa foleni ya dakika 40! Laki tano nilizilipa mbele ya mtendaji wa kata, kwa maandishi. Yule bwana alinuna, akasaini.

Walinipa 700,000, miezi 12, riba asilimia 1.5 ya salio linalopungua. Bima 7,000. Zilizobaki baada ya kulipa yale madeni, 35,000, ndizo nilizokula hadi mshahara. Makato ya kwanza yalikuwa 68,800 na ushee, na kila mwezi yanashuka kidogo.

Nyota nne, si tano. Kamati ya mikopo inakaa mara moja kwa mwezi, nikasubiri wiki tatu huku simu za wadai zikilia. Wadhamini wawili ni lazima, na kumwomba mwalimu mwenzako akudhamini ni kumwambia siri zako zote. Mmoja alikataa, na chai ya ofisini hatunywi meza moja tena. Fomu zinataka fotokopi za kila kitu na wao mashine hawana, utavuka barabara.

Simu ya ofisi usihangaike nayo, haipokelewi. Nenda mwenyewe wiki ya kwanza ya mwezi, kabla ya saa nne, mama hajatoka kunywa chai. Na usimfiche cha Mangi, atakiuliza.