Uzoefu Wangu na Mafuta ya Midomo Yenye Asidi

Nilinunua mafuta haya ya midomo nikiwa tayari naziamini asidi. Kwa miezi minane nilikuwa nikipaka usoni, usiku mbili kwa wiki, kimiminika chenye asidi ya glaikoliki asilimia 8, na paji langu la uso lililokuwa halikosi vipele lilikuwa limetulia. Kwa hiyo nilipokutana na kikopo kilichoahidi kuondoa magamba ya midomo bila kusugua, kwa nguvu ya asidi ya glaikoliki na asidi ya salisiliki, sikusita. Maelekezo yalikuwa mafupi mno: paka asubuhi na jioni, au kila midomo inapokauka.

Siku tatu za kwanza nilifurahi. Magamba yaliyokuwa yakinikera yalitoka yenyewe nilipoosha uso, na midomo ikawa laini. Palikuwa na mchonyoto kidogo kila nilipopaka, lakini nilijiambia kuwa ndiyo dawa inafanya kazi, kosa ambalo nadhani wengi wetu hulifanya. Kufikia siku ya sita midomo ilianza kukauka saa moja tu baada ya kupaka, nami nikawa napaka tena, kwa kuwa maelekezo yenyewe yaliniruhusu. Siku ya tisa chumvi ya kwenye chakula ilinichonyota hadi machozi yakanilenga, kona moja ya mdomo ikapasuka, na ukingo wa mdomo wa chini ukawa mwekundu na umevimba. Nilikuwa nimeingia kwenye mzunguko: asidi inakausha, ukavu unanifanya nipake, nami ninapopaka ninaongeza asidi ileile.

Baadaye nilisoma na kuuliza, na daktari wa ngozi aliyenitazama alinieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kununua. Tabaka la nje la ngozi ya mdomo ni jembamba sana likilinganishwa na la shavu, na kwa kawaida ngozi hiyo haina tezi za jasho, wala mafuta ya asili ya kuifunika kama yale ya usoni. Maji huipotea upesi. Asidi ya glaikoliki hufanya kazi kwa kulegeza kile kinachozishikanisha seli zilizokufa ili zidondoke mapema. Usoni zipo tabaka za kutosha kupunguzwa kidogo bila hasara, lakini mdomoni akiba hiyo ni ndogo, na ukipunguza kila siku, mara kadhaa kwa siku, unaifikia ngozi ambayo haijawa tayari kukutana na hewa. Asidi ya salisiliki nayo sifa yake kubwa ni kuyeyuka katika mafuta na hivyo kuingia kwenye vinyweleo vilivyoziba. Hapo ndipo nilipocheka mwenyewe, maana vinyweleo vya kuzibuliwa mdomoni viko wapi?

Jambo la pili lililonisumbua ni lebo. Majina ya asidi zote mbili yalikuwa juu kwenye orodha ya viambato, lakini hapakuwa na asilimia wala pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Asilimia peke yake haitoshi, kwa kuwa nguvu ya asidi hizi hutegemea pia jinsi mchanganyiko ulivyo mkali: pH ikikaribia 3.8, takribani nusu ya asidi ya glaikoliki huwa katika hali ile inayopenya ngozi, na ikishuka chini ya hapo sehemu hiyo huongezeka. Mwaka 1998 jopo la wataalamu wa Cosmetic Ingredient Review nchini Marekani lilihitimisha kwamba asidi ya glaikoliki na ya laktiki ni salama katika vipodozi vya matumizi ya nyumbani zikiwa hazizidi asilimia 10, pH ikiwa si chini ya 3.5, na mtumiaji akikingwa na jua. Kimiminika changu cha usoni kiliandika tarakimu zote mbili. Niliwaandikia waliotengeneza mafuta ya midomo kuuliza zao, wakanijibu kuwa bidhaa ni laini na inafaa kwa kila aina ya ngozi. Sikuuliza hilo.

Niseme pia, kwa haki, kwamba kuona jina la asidi kwenye lebo si sababu ya kukimbia. Asidi ya laktiki au ya sitriki ikiwa mwishoni kabisa mwa orodha mara nyingi imewekwa kidogo tu kurekebisha pH, na haiwezi kumbabua mtu.

Jua ndilo lililoniachia alama. Utafiti unaotajwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ulionyesha kwamba baada ya wiki nne za kupaka asidi za kundi la glaikoliki, ngozi iliongeza wepesi wa kubabuka kwa miale ya jua kwa asilimia 18, na hali hiyo iliondoka ndani ya wiki moja baada ya kuacha. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 mamlaka hiyo inapendekeza lebo zionye kuhusu jua. Kikopo changu hakikusema neno, nami nilikuwa nikipaka asubuhi na kutoka. Uvimbe ulipokwisha, mstari mweusi ulibaki kwenye ukingo wa mdomo wa chini kwa karibu miezi minne.

Kupona kwenyewe hakukuwa na ufundi. Niliacha kila kitu, pamoja na asidi ya usoni, nikapaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mazito hasa wakati wa kulala, na nikajilazimisha kuacha kuilamba midomo, kwa sababu mate hukauka na kuondoka na unyevu. Mchonyoto uliisha siku ya tano, mpasuko wa kona ukaziba baada ya wiki mbili. Daktari aliniambia pia nikwepe mafuta ya midomo yenye mentholi, kafuri na mdalasini mpaka nitakapopona, na kwamba mwenye vidonda vya homa mdomoni, anayemeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi, au mwenye mzio wa aspirini, ambayo ni ndugu wa asidi ya salisiliki, asiguse bidhaa ya namna hii bila kumwona mtaalamu.

Asidi ya usoni nimeirudia, usiku mbili kwa wiki kama zamani, na asubuhi napaka kinga ya jua ya SPF 30, midomo ikiwemo. Haijanipa shida yoyote. Mafuta ya midomo nayapa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu nimegundua kazi yake: kilichobaki kwenye kikopo nakipaka kwenye visigino, ambako ngozi ni nene kiasi cha kuyavumilia, na kwa kweli vinalainika.